Seva Bandia: Ni Meno au Ni Noti?

Leo nataka kugombana na wenzangu wa fani hii ya kuandika programu. Mtakaokwazika mniwie radhi, ila msitarajie nilegeze maneno. Jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu, na kila nikidhani tumelipita, nafungua mradi mpya na kulikuta limekaa pale pale likinitazama.

Jambo lenyewe ni seva bandia.

Kwa msomaji ambaye si mwanaprogramu, nieleze kwanza. Programu nyingi unazotumia, iwe kwenye simu au kwenye kivinjari cha kompyuta, zina pande mbili. Upande wa mbele ni ule unaouona: vitufe, rangi, orodha, fomu. Upande wa nyuma uko kwenye seva mahali fulani, na huko ndiko data inakohifadhiwa na hesabu zinakofanyika. Pande hizi zinazungumza kupitia API, na njia rahisi ya kuielewa API ni kufikiria dirisha la karani. Unapitisha ombi lililoandikwa kwa namna inayokubalika, unangoja, karani anakurudishia jibu. Sasa, mara nyingi wanaojenga upande wa mbele wanakuwa tayari kabla ya wenzao wa nyuma. Au seva ipo lakini ni ya kampuni nyingine na kuipata kuna taratibu zake. Au uko kwenye matatu unaelekea Nakuru na bando limekwisha. Basi unajitengenezea karani wa karatasi, yaani kiprogramu kidogo kinachojibu maombi jinsi seva ya kweli ingejibu, ili uendelee na kazi. Huyo ndiye seva bandia.

Sina ugomvi na wazo lenyewe. Nalitumia karibu kila wiki. Nani atakaa mikono mifukoni wiki tatu akingoja timu ya upande wa nyuma imalize? Vifaa navyo vipo, vingi vya bure. json-server unaipa faili moja ya JSON, na kabla chai haijapoa una API nzima ya kuchezea. MSW inajificha ndani ya kivinjari chenyewe na kudaka maombi kabla hayajatoka nje, kwa hiyo msimbo wako hata haujui kwamba haukufika popote. WireMock, ambayo watu wa Java wako nayo tangu 2011, inaweza kukaa katikati yako na seva ya kweli, ikanakili mazungumzo yenu, kisha ikayarudia siku ambayo seva haipo. Ni vitu vizuri. Waliovitengeneza wanastahili soda.

Ugomvi wangu ni na jinsi tunavyovitumia. Seva bandia ninazokutana nazo zina ugonjwa mmoja: zinasema ndiyo. Ukiomba mkopo, ndiyo. Ukilipa, ndiyo. Ukituma fomu tupu isiyo hata na jina, ndiyo vile vile, 200, tena ndani ya milisekunde tano. Hazichoki, hazikatiki, haziulizi wewe ni nani, hazisemi rudi kesho. Niambie ni seva gani ya kweli umewahi kukutana nayo yenye tabia hizo. Mimi sijaiona, na niko kwenye intaneti tangu enzi za kulipia saiba shilingi moja kwa dakika.

Neno bandia nalo lina mambo yake. Tunasema meno bandia na tunasema noti bandia, lakini hivyo si vitu vya aina moja. Meno bandia yametengenezwa kwa vipimo vya mdomo wa mwenyewe. Mzee akiyavaa anatafuna nyama, na hakuna anayemwita tapeli. Noti bandia kazi yake ni moja tu: ipokewe na mtu asiye na muda wa kuiangalia vizuri. Siku ikifika benki ndiyo mwisho wake. Hebu tazama seva bandia iliyo kwenye mradi wako, ujiulize umejenga kipi kati ya hivyo viwili.

Nichukue mfano ambao mwanaprogramu wa Kenya haukwepi: malipo ya M-Pesa. Huduma yenyewe ilianza Machi 2007, na mwaka 2017 Safaricom wakafungua Daraja, API ambayo kila mwenye duka la mtandaoni anaitumia kupokea pesa. Mtumiaji anachokijua ni kwamba anabofya Lipa, kisanduku kinatokea kwenye simu, anaweka PIN, anapata SMS. Kwa nyuma hadithi ni ndefu zaidi.

Kwanza seva yako inaomba tokeni ya kuingilia, ambayo inaishi kama saa moja kisha inakufa. (Huo muda wa kuishi, 3599, unakuja kama maandishi, si kama nambari. Liweke akilini.) Halafu unatuma ombi la STK Push, na Daraja inajibu upesi kwa ResponseCode ya "0". Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Sifuri hiyo haisemi kwamba pesa zimelipwa. Inasema ombi lako limepokelewa na litashughulikiwa, basi. Wakati huo mteja huenda hata hajaona kisanduku cha PIN. Jibu lenyewe linakuja baadaye, kwa njia ya kolibeki: Safaricom wanaiita anwani uliyowapa na kukueleza yaliyotokea. Yanaweza kuwa 0, pesa zimeingia. Yanaweza kuwa 1, salio halitoshi. 1032, mwenyewe amekataa. 1037, simu haipatikani au mtu hakujibu. 2001, PIN si sahihi. Na kinaweza kuwa kimya kitupu, kwa sababu seva yako wewe ilikuwa imelala kolibeki ilipopiga hodi.

Endelea kutazama, maana utamu uko kwenye vitu vidogo. Kolibeki ya malipo yaliyofaulu inakuja na kifurushi kiitwacho CallbackMetadata, ndani yake mna kiasi, nambari ya risiti, tarehe na simu. Kolibeki ya malipo yaliyoshindikana haina kifurushi hicho. Sisemi kinakuja kitupu, hakipo. Msimbo unaokifungua bila kuuliza kama kipo utaanguka, na utaanguka kwa wale tu ambao malipo yao hayakupita, yaani watu wale wale unaohitaji kuwaeleza kitu. Tena ile ResponseCode ya mwanzo ni maandishi, "0", na ResultCode ya kolibeki ni nambari, 0. Kwenye JavaScript hao ni viumbe wawili: cha kwanza kinahesabiwa kuwa kweli, cha pili kinahesabiwa kuwa si kweli. Ukiandika if na kuingiza humo msimbo wa jibu ukidhani unauliza kama kuna kosa, sifuri ile ile itakupa majibu mawili yanayopingana.

Haya. Sasa hii hapa ndiyo seva bandia ya malipo ambayo nimeikuta kwenye miradi, ikibadilika majina tu:

{ "status": "success", "message": "Malipo yamepokelewa" }

Mstari mmoja. Hakuna tokeni inayokufa, hakuna kungoja, hakuna kolibeki, hakuna 1032. Hata majina ya sehemu zake hayafanani na ya Daraja. Aliyeandika hivi hakuiga Daraja. Aliiga ndoto yake kuhusu Daraja.

Naelewa tabia hii inakotoka. Kolibeki haiwezi kufikia kompyuta ya mapajani iliyofichwa nyuma ya ruta ya nyumbani, mpaka upitishe handaki kama ngrok ili upate anwani inayofikika kutoka nje. Ni usumbufu. Uwanja wa majaribio wa Daraja upo pia, lakini nao unahitaji intaneti, funguo na subira. Kuandika mstari mmoja wa JSON ni sekunde kumi. Ukishauandika, skrini inang'aa, bosi anafurahi, unahamia kazi nyingine, na mstari ule unabaki pale miezi mitatu.

Mwaka juzi niliitwa kusaidia mradi wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Sitakitaja, wala sitaitaja kampuni iliyoujenga. Bodi ilikuwa imeonyeshwa demo hotelini, mwanachama wa mfano akalipa awamu ya mkopo, na baada ya nusu sekunde alama ya tiki ya kijani ikatokea. Makofi yakapigwa. Malipo ya awamu ya pili ya mkataba yakatolewa wiki hiyo hiyo. Programu ikafunguliwa kwa wanachama, na hapo ndipo simu za malalamiko zilipoanza. Mwanachama aliyekataa kuweka PIN aliona tiki ya kijani na kuamini amelipa, kwa sababu upande wa mbele ulichukua lile jibu la kwanza, "limepokelewa", ukalitafsiri kuwa "limelipwa". Mwenye mtandao wa polepole aliona skrini haitikisiki, kitufe cha Lipa bado kinabofyeka, akabofya tena. Mama mmoja muuza mboga alipata kisanduku cha PIN, akaweka, akaona kingine, akadhani cha kwanza kilishindikana, akaweka tena. Awamu mbili zikatoka siku moja. Kwa mtu anayenunua mboga alfajiri na kuuza jioni, awamu ya pili ndiyo ilikuwa mtaji wa kesho yake. Alirudishiwa, lakini kwa barua, fomu na wiki kadhaa.

Nilipofungua folda ya seva bandia ya mradi huo nilikuta faili moja ya malipo, na ndani yake jibu moja. Majaribio yote yalikuwa kijani. Sikupata mahali popote kwenye msimbo wa upande wa mbele palipotajwa kungoja, kukataliwa, au kutojulikana. Na kwa nini pangetajwa? Kwa miezi yote waliyoijenga, hakuna aliyewahi kukataliwa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na naomba usinielewe vibaya. Watu hudhani ubaya wa demo ya uongo ni kumdanganya mteja. Ni kweli, lakini mteja ni wa pili. Wa kwanza kudanganywa ni aliyeijenga. Ukiangalia jibu moja kila siku kwa miezi mitatu, kichwa kinaacha kukumbuka kwamba kuna mengine. Skrini ya kungoja haichorwi kwa sababu hakuna aliyewahi kungoja. Maneno ya kumwambia mtu kwamba hatujui kama pesa zake zimefika hayaandikwi, kwa sababu hali hiyo haijawahi kutokea mbele ya macho ya mtu. Seva bandia ndiyo ulimwengu wote ambao upande wa mbele unaujua wakati unakua. Ukiulea kwenye nyumba isiyo na hapana, ukitoka nje ukaambiwa hapana hautajua pa kuweka uso.

Nikisema haya, daima kuna mtu anayeniletea Steve Jobs. Hadithi yenyewe ni ya kweli. Tarehe 9 Januari 2007, San Francisco, Jobs alionyesha iPhone ya kwanza ikiwa haijakamilika. Mwaka 2013 mwandishi Fred Vogelstein alisimulia katika jarida la New York Times jinsi simu zile zilivyokuwa zikikwama, wahandisi wakatafuta mpangilio maalumu wa hatua ambao ukifuatwa simu haianguki, na vile vijiti vya nguvu ya mtandao vikaandikiwa vionyeshe vitano tu, hata mtandao uweje. Basi watu wanaichukua hadithi hiyo kama kibali. Kama Apple walichora vijiti vya uongo, mimi nani?

Wewe ni mtu asiye na wahandisi wale. Apple walijua kila kitu kilichovunjika ndani ya simu ile. Ndiyo maana waliweza kukikwepa jukwaani. Huwezi kutengeneza njia salama katikati ya mashimo kama hujui mashimo yako wapi. Kisha walikuwa na miezi mitano na ushee ya kuyafukia kabla simu haijauzwa tarehe 29 Juni. Kwenye chama kile nilichokisimulia, hakuna aliyekwepa shimo lolote. Walitembea kwenye picha ya barabara.

Mimi nikionyesha demo ya malipo, namwomba mteja mwenyewe akatae. Namwambia: sasa bofya Lipa, halafu usiweke PIN. Tunatazama pamoja skrini inafanya nini. Mara ya kwanza watu hushangaa, wanadhani programu imeharibika. Kisha wanaanza kuuliza maswali ambayo hayamo kwenye karatasi ya mahitaji: mwanachama huyu atatozwa faini ya kuchelewa? Anaweza kujaribu tena saa ngapi? Nani katika ofisi yetu ataona kwamba alijaribu? Maswali hayo yana thamani kuliko makofi. Na pembeni ya skrini, juu, naacha maandishi yanayosomeka: data ya mfano. Bosi mmoja aliwahi kuniambia niyaondoe kwa sababu yanaharibu muundo. Sikuyaondoa.

Nihamie kwenye majaribio, maana huko hali ni mbaya zaidi na hakuna hata makofi ya kufidia. Jaribio la programu ni mtihani. Msimbo unaulizwa swali, jibu linalinganishwa na lile linalotarajiwa. Sasa, wewe umeandika msimbo, wewe umeandika seva bandia, wewe umeandika jibu linalotarajiwa, na yote matatu yametoka kwenye dhana ile ile uliyokuwa nayo Jumatatu asubuhi. Huo si mtihani. Ni mtahiniwa aliyejitungia karatasi ya KCSE, akaifanya, akaisahihisha, akajipa A. Seva ya kweli ikibadilisha jina la sehemu moja tu leo usiku, majaribio yako kesho asubuhi yatakuwa kijani kama kawaida, na programu itakuwa imekufa mikononi mwa watumiaji.

Siku hizi ni rahisi kufika hapo, kwa sababu akili unde itakuandikia vyote vitatu kwa pumzi moja. Unaiomba msimbo wa malipo pamoja na majaribio yake, inakupa, inapita. Lazima ipite! Ni mdomo mmoja unaojiuliza na kujijibu. Sisemi usiitumie. Nasema lile jibu la seva usiliache ilibuni. Lipe jibu lililotoka kwenye seva.

Data ya mfano nayo ni kichekesho. Mtumiaji wa mfano siku zote anaitwa John Doe, simu yake 0712345678, ana mikopo mitatu, na kila mkopo una picha na maelezo ya mistari miwili inayolingana. Huyo mtu haishi Kenya. Anayeishi Kenya anaitwa Ng'ang'a, na ile alama ya juu katikati ya jina lake imeshaangusha fomu nyingi. Simu yake huenda inaanza na 01, kwa maana nambari hizo zipo tangu 2019, lakini bado kuna programu zinazomwambia nambari yake si halali. Pengine hana mkopo hata mmoja, na orodha tupu ni skrini ambayo hakuna aliyekumbuka kuichora. Pengine duka lake lina bidhaa elfu nne na upande wa mbele unajaribu kuzichora zote kwa mpigo. Nambari yake ya utambulisho kwenye mfumo wa zamani ikizidi 9007199254740991, JavaScript itazungusha tarakimu za mwisho kimya kimya na utamfungulia akaunti ya mtu mwingine. Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji kipaji kuliiga. Linahitaji tu uache kumwalika John Doe.

Na kasi, jamani. Peter Deutsch, alipokuwa Sun Microsystems miaka ya 1990, aliorodhesha dhana potofu za wanaojenga mifumo ya mtandao, na mbili za mwanzo ni kwamba mtandao haukatiki na kwamba ujumbe hauchukui muda kufika. Miaka thelathini baadaye bado tunazijenga hizo hizo mbili ndani ya seva bandia zetu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa pamoja na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kubahatisha. Siku hiyo ungeweza kutambua bila kuuliza ni programu zipi zilijengwa na watu waliowahi kufikiria jibu linalochelewa. Nyingine zilisema wazi kwamba mtandao una shida na kuhifadhi ulichoandika. Nyingine ziliacha kile kiduara kikizunguka hadi ukachoka, na ukirudi nyuma fomu yako yote imepotea. Na usinieleze kwamba nyaya hukatika mara moja kwa miaka. Kwa mtu aliye nje ya mji, kila jioni ni Mei 12.

Sasa meno bandia yenyewe yakoje? Gerard Meszaros, katika kitabu chake cha 2007 kiitwacho xUnit Test Patterns, aligawanya vibadala hivi katika aina kadhaa, na mojawapo ni ile inayofanya kazi kweli lakini kwa njia ya mkato. Hiyo ndiyo ninayoipenda kwa malipo. Seva bandia yangu ya malipo ina kumbukumbu. Ombi likiingia linakaa katika hali ya kungoja, na seva inajibu "0" kwa maandishi, kama Daraja. Baada ya sekunde kadhaa inapiga kolibeki yenyewe, na hatima ya malipo inategemea kiasi ulichoweka. Shilingi 10 zinafaulu, 11 zinarudi 1032 bila kile kifurushi, 12 zinarudi 1037, 13 hazirudi kamwe, 14 zinapiga kolibeki mara mbili. Mtu yeyote kwenye timu, hata asiyejua kuandika msimbo, anaweza kujaribu hali yoyote kwa kuandika kiasi kwenye fomu. Kuijenga ilichukua alasiri moja. MSW nayo ina vitu hivi tayari, unaweza kuiambia icheleweshe jibu, ikate mawasiliano kabisa, au iliache ombi lining'inie bila mwisho. Vimo, havitumiki.

Lakini hata hiyo haitoshi kama hakuna anayeilinganisha na seva halisi. Hapa ndipo mkataba unapoingia. OpenAPI, iliyokuwa ikiitwa Swagger kabla ya 2016, inakuwezesha kuandika katika faili moja kila anwani ya API, inapokea nini na inarudisha nini, pamoja na makosa. Faili hiyo moja inazaa seva bandia upande huu na kuikagua seva halisi upande ule. Wakitofautiana, jaribio linakuwa jekundu siku hiyo hiyo, si siku ya uzinduzi. Pact, iliyoanzia Australia mwaka 2013, inakwenda kinyume. Upande wa mbele unaandika mambo unayoyategemea, na timu ya nyuma inalazimika kuyatimiza kabla ya kutoa toleo jipya. Chagua mojawapo, sigombani juu ya hilo. Na kama seva si yako, kama Daraja isivyo yako, basi weka jaribio moja dogo linaloingia kwenye uwanja wao wa majaribio kila usiku na kulinganisha umbo la majibu na umbo ulilohifadhi. Likianguka, utajua kabla ya wateja.

Najua mtakachosema. Hakuna muda. Wanaosema hivyo ndio hao ninaowakuta saa tano usiku wiki ya uzinduzi wakisoma majedwali ya malipo mstari kwa mstari kutafuta nani alilipa mara mbili. Muda ulikuwepo, umetumika mahali pengine, na kwa pesa za watu wengine.

Wengine mtasema mteja hakulipia hayo, karatasi ya mahitaji ilisema "mwanachama ataweza kulipa" na imetimizwa. Sikubali. Mama yule wa mboga hakusaini karatasi ya mahitaji, na hakuna mahali alipoambiwa kwamba programu aliyopewa ilifundishwa malipo na faili yenye jibu moja.

Zile kolibeki nilizozitaja, ya 0, 1, 1032, 1037 na 2001, nitaziweka hapa wiki ijayo zikiwa na umbo lake kamili ili mzinakili kwenye miradi yenu. Nambari za simu na risiti nitakuwa nimezibadilisha.